Mti wa Juu ya Paa

Osewe alikuja Kibera siku ya Jumatano, saa nne ya asubuhi, kuonyesha kwamba yu hai.

Kwa miaka minne hakuwa amevuka kutoka Kawangware. Binti yake Adhis aliugua malaria akalazwa, akapona akaruhusiwa, na Osewe hakuja. Mvua za El Niño zilipobomoa ukuta wa chumba walichopanga kule Raila, kijiji kimoja cha Kibera, mama na mtoto wakalala kwenye mabenchi ya kanisa majuma mawili, na Osewe hakuja. Mkewe Awiti alimtumia salamu na watu mpaka akawaonea haya hao watu. Lakini mtu alipomwambia Osewe kwamba kule nyumbani Ugenya ameshahesabiwa miongoni mwa marehemu, miguu yake ikapata nguvu ghafla, akaja mbio.

Alimkuta mkewe kando ya reli, mbele ya karai la mafuta, akikaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki baada ya kiwanda kuchukua nyama yote. Wateja wawili walikuwa wakingoja.

"Wewe mwanamke," akasema bila salamu, "mimi nilikufa lini?"

Awiti akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili. "Ungekuwa umekufa ningejua," akasema. "Mtu wetu akikufa analetwa nyumbani."

"Nani ametoa osuri kwa nyumba yangu?"

Afadhali niseme hapa osuri ni kitu gani, maana ugomvi wote ulikaa juu yake. Mjaluo akijenga nyumba yake, huacha mti mmoja utokeze kileleni mwa paa. Mpita njia akiuona, anajua mwenye nyumba anapumua. Siku akifa mti huo huondolewa, na hakuna haja ya kutuma mjumbe. Sasa nyumba ya Osewe ilikuwa haina mti, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale Kibera na koti zuri, jasho linamtoka.

"Ni ule Mkamba wenu, sindiyo?"

Awiti alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Aliitazama ile kweli, akaona ukubwa wake, akaogopa. "Fundi hakujua," akasema.

"Basi atajua."

Osewe akachukua kipande kikubwa cha samaki kwenye sinia, akaenda zake akikitafuna.

"Huyo marehemu ako na njaa," mteja mmoja akasema, na mwenzake akacheka. Awiti hakucheka. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo ndiyo nusu mbaya zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Awiti alikuwa mwanachama wa kikundi kilichoitwa Mikono, kilichoanzishwa na makanisa mawili madogo ya dhehebu moja, moja la Kibera na moja la Kawangware. Wakamba wa Kawangware walikuja na mwethya wao, Wajaluo wa Kibera wakaja na saga yao, wakagundua kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili: leo tunafanya kwako, kesho kwangu, na hakuna malipo ila chakula. Basi kila sikukuu walipanda lori wakaenda mashambani kutengeneza nyumba za wazee na wajane na, kwa zamu, nyumba za wanachama wenyewe. Sheria ilikuwa moja. Mtu haombi mikono ya watu kabla hajaleta yake. Uende safari tatu kwanza, ndipo jina lako liingie kwenye zamu.

Awiti alikuwa ameenda safari saba. Alikandika kuta Mwingi, alichimba choo Kangundo, alibeba mawe Seme akiwa na homa. Aliyesimamia kazi alikuwa Muia, seremala wa kutoka Machakos, mtu wa maneno machache na vidole vinene. Alilala Kawangware na kufanya kazi Kibera, ambako alikuwa na kibanda cha kutengeneza vitanda na milango. Pasaka ya mwaka huo wa 1998, zamu ikamfikia Awiti.

Wajaluo wengi wa kikundi walikuwa wameenda makwao kwa sikukuu, kwa hiyo lori lilijaa Wakamba. Waliotoka Kibera walikuwa vijana watatu au wanne waliozaliwa hukohuko, kama kijana mmoja aitwaye Billy, ambaye Ugenya aliijua kwa kusimuliwa. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe rahisi kuharibika.

Nyumba ya Awiti kule Ugenya ilikuwa ya nyasi. Osewe aliijenga mwaka wa themanini na saba, mapenzi yakiwa bado motomoto, na El Niño ilikuwa imeifanyia ilivyotaka. Muia alipanda, akabomoa nyasi za zamani mpaka akafika kileleni, kisha akaita.

"Mama Adhis, maji inapitia hapa kwa huu mti. Inafuata mti mpaka inaanguka kwa kitanda. Na yenyewe imeoza. Ni ya nini?"

Awiti alikuwa chini peke yake, wengine wakiwa mtoni kuchota maji ya udongo, matope hadi magotini, mzigo wa nyasi kichwani. Akainua macho. Aliuona ule mti umesimama pale juu, ukimtangazia kila mpita njia kwamba bwana yupo. Bwana yupo wapi? Bwana alikuwa Kawangware kwa mwanamke mwingine, kwenye nyumba ya mawe, anakunywa chai ya maziwa. Mti umeoza, unadanganya watu, na huku unamwaga maji kitandani. Hasira ikampanda kutoka kwenye yale matope mpaka kichwani.

"Ni mti tu," akasema. "Toa."

Muia akautikisa mara mbili ukatoka. Pale kileleni paliachwa tundu, akaomba kitu cha kuliziba. Awiti akampa debe alilobebea unga na sukari, debe la mafuta yake ya kukaangia samaki. Muia akalipasua kwa patasi, akalikunja likawa kofia, akalivisha kilele cha paa na kulifunga kwa waya. Lilimetameta juani. Awiti alilitazama akahisi furaha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi, na furaha hiyo ikadumu kama saa tatu hivi.

Jioni shemeji yake Oketch, mdogo wa Osewe, akarudi kutoka kanisani. Aliangalia paa, akaweka mikono kichwani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu ndugu yake amekufa lini, na kwa nini yeye hakuambiwa.

Hapo ndipo woga ulipomshika Awiti. Katika boma lile, walivyohesabu wao, mwanamke akimtoa mumewe juu ya paa angali hai, amejitoa mwenyewe pamoja naye. Nyumba ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho duniani ambacho mwenye ploti hawezi kuja kukigonga mlango mwisho wa mwezi. Ndipo mahali ambapo Adhis angeweza kupaita kwetu. Maneno yakamtoka kabla moyo haujasema lolote.

"Hawa watu wa Kawangware hawajui mila yetu, shemeji. Wametoa bila kuuliza."

Muia alikuwa hatua tano kutoka pale, ananawa mikono. Alisikia kila neno. Alimtazama Awiti muda wa kutosha mikono kukauka, kisha akamwendea Oketch akainamisha kichwa.

"Pole mzee," akasema. "Ni mimi nimekosa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Mwenyeji huyu alipona kweli, kwa kumtupa mgeni mtoni. Njia nzima ya kurudi Nairobi Awiti alikaa nyuma ya lori akijifanya amelala.

Sasa turudi kwa yule marehemu mwenye njaa. Ijumaa asubuhi, siku mbili baada ya Osewe kuja, Muia alifungua kibanda chake akakuta meza ya kazi imepinduliwa, misumeno na randa zimetupwa kwenye mtaro wa maji machafu. Mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa makaa: RUDI MACHAKOS. Kitanda cha arusi alichokuwa amekimaliza jana yake kilikuwa kimevunjwa miguu yote minne. Majirani hawakuona kitu. Kibera nzima huwa haioni kitu inapotaka. Ikatangazwa pia kwamba Jumapili watu wa Ugenya watakutana, Mkamba afike ajibu, na baada ya hapo asionekane tena upande ule wa reli.

Jumamosi Awiti alimwachia Adhis karai, akatembea mpaka Kawangware. Hakujua anaenda kusema nini. Alimkuta Ngina, mke wa Muia, nje ya nyumba, ameinamia beseni, anasugua misumeno kwa mafuta ya taa. Harufu ya mtaro ilikuwa bado. Ngina ndiye aliyekuwa karani wa kikundi, mwanamke aliyejua kucheka, lakini siku hiyo hakuinua kichwa.

"Umekuja kuona vile mmetufanyia?"

"Ngina, mimi pia nimeumia."

"Umeumia wapi? Mimi nauliza huyu bwana yangu kila siku. Umefanya kazi ya mbao miaka ishirini, hujawahi gusa kitu ya mtu bila kuuliza. Hii ulitoa aje bila kuuliza? Ananyamaza. Nikiuliza sana anatoka nje."

Muia alikuwa ameketi mlangoni, anatia mpini mpya kwenye patasi. Awiti akamtazama. Muia akaendelea na mpini wake.

"Mwambie," Awiti akasema kwa sauti ndogo.

"Nimwambie nini?" Muia akauliza. Kisha akaiweka patasi chini. "Kwa mwethya unaingia nyumba ya mtu mpaka chini ya kitanda. Unaona blanketi imetoboka. Unaona sufuria haina kitu. Ukitoka, unatoka na mikono yako peke yake. Hutoki na maneno. Ndiyo hiyo tu. Mama yangu alinifunza hivyo."

Ngina akaacha kusugua. Alimtazama mumewe, akamtazama Awiti, akamtazama tena mumewe, na Awiti akaona jinsi jambo lote lilivyomwingia, polepole, mpaka likafika chini. Hakumtukana. Aliinamia beseni tena, akaanza kusugua kwa nguvu mpya.

Awiti alirudi Kibera akitembea kwa haraka, akiwapiga watu vikumbo. Alimkasirikia Muia kwa ule wema wake. Angemtukana, angempiga hata kofi, angejua pa kuiweka hasira yake. Mtu anakunyamazia hivyo, unabaki na uchafu wako mikononi na hakuna maji. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, naye hakutegemea pole ya mtu. Usiku aliwaza kuhusu nyumba, akawaza kuhusu Adhis, akahesabu kila kitu atakachokosa akifungua kinywa. Kulipokucha alikuwa bado hajakata shauri, na hilo pia likamkasirisha.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana katika darasa la nasari nyuma ya kanisa. Wanaume wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alikuwa Jaduong' Gerishon, yaani Mzee Gerishon, mstaafu wa reli, mwenye sauti isiyo na haraka. Muia alisimama karibu na ubao, kofia mkononi. Nyuma yake walisimama Ngina na Wakamba sita wa kikundi, kwa sababu hakuna aliyewapa viti.

Osewe alisema kwa muda mrefu. Alisema ametukanwa. Alisema amezikwa akiwa hai, kwamba ndugu zake kule nyumbani wanamwogopa kama mzimu, kwamba haya ndiyo matunda ya kuchanganya watu na kuwapeleka wageni kwenye maboma. Alitaka kikundi kivunjwe na Mkamba afukuzwe Kibera. Alipotaja nyumba alisema nyumba yangu, nyumba yangu, mpaka ungedhani alikuwa ametoka kuifagia asubuhi ile.

Gerishon akamgeukia Muia. "Wewe ndio ulitoa osuri?"

"Ni mimi, mzee."

"Nani alikuambia utoe?"

"Ni mimi niliitoa."

"Hiyo nimesikia. Nauliza nani alikuambia."

Muia akageuza kofia mkononi. Ngina, kule nyuma, alikuwa akimtazama Awiti tu, wala hakupepesa macho.

"Ona," Osewe akasema. "Hana jibu. Hawa watu ni wajinga, wanaingia kwa nyumba ya mtu kama ng'ombe."

Neno hilo ndilo lililomwinua Awiti. Aliinuka kabla hajajua ameinuka.

"Jaduong', usimuulize Muia. Yeye aliniuliza mimi. Aliuliza huu mti ni wa nini, nikamwambia ni mti tu. Nikamwambia atoe. Halafu Oketch akakuja, nikaogopa, nikamtupia Muia lawama. Jumatano huyu akakuja, nikamtupia tena. Wamevunja kazi yake juu ya uwongo yangu."

Minong'ono ikaanza. Gerishon akainua mkono ikakoma.

"Awiti. Ulijua ile kitu inamaanisha nini?"

"Nilijua."

"Na ulijua bwanako yuko hai."

"Hiyo ndio sikuwa najua vizuri," Awiti akasema. "Mmekaa hapa mnauliza nani ametoa mti. Hakuna mtu ameuliza maji ilikuwa inaanguka wapi. Ilikuwa inaanguka kwa kitanda, upande wake. Upande wangu ilikuwa kavu. Miaka minne, nikienda nyumbani mvua ikinyesha, naweka sufuria pale bwana anafaa kulala. Ikijaa naamka namwaga, narudisha. Hiyo ndio bwana nilikuwa nalala na yeye, sufuria. Watu wakipita nje wanaona osuri, wanasema Awiti ako na mtu. Sasa debe yangu iko pale juu, debe ya mafuta nimebeba kwa kichwa yangu, na nyumba ni kavu pande zote mbili. Mkitaka kunihukumu, mnihukumu. Lakini huyu mtu mumwachilie."

Osewe alifungua mdomo. Gerishon akamwashiria angoje. Mzee yule akasugua goti lake, na aliposema hakumpendelea mtu.

Alisema vijana waliotupa vyombo vya fundi wanajulikana, na watavisafisha na kutengeneza kile kitanda kwa mikono yao kabla ya Jumapili nyingine. Alisema Awiti amefanya kosa kubwa, kosa la makusudi, na kwamba hatakanyaga boma lile wala kulala katika nyumba ile mpaka osuri irudi. Na osuri, akasema, hairudishwi na mwanamke wala na ndugu wala na fundi. Itarudishwa na mwenye nyumba mwenyewe, apande kwa miguu yake.

Awiti akaketi. Alilijua hilo tangu usiku, na bado lilimchoma.

"Sawa kabisa," Osewe akasema, kifua mbele. "Basi kikundi kipange lori. Nyasi pale juu itabidi ifunguliwe tena, na mimi si fundi. Mnipatie watu kumi."

Ngina akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, cha kwanza tangu Ijumaa.

"Umeenda safari ngapi?" akauliza.

"Safari gani?"

"Za Mikono. Mtu haombi mikono kabla alete yake. Tatu kwanza. Ya kwanza ni sikukuu ya Madaraka, tunaenda Kitui kwa mama mmoja mzee anaitwa Wayua, jikoni yake imeanguka. Lori inatoka Kawangware, hapo kwa soko, saa kumi na mbili asubuhi. Si mbali na kwako. Kuja na jembe."

Watu kadhaa wakacheka, hata upande wa Ugenya. Gerishon hakucheka. "Sheria ni sheria," akasema, akafunga mkutano kwa maombi.

Jumamosi ya wikendi ya Madaraka, Awiti alifika sokoni Kawangware kabla ya saa kumi na mbili, jembe begani. Baridi ilikuwa kali na matope mengi. Watu walipanda mmoja mmoja. Dereva aliwasha injini, na Ngina akamwambia angoje kidogo, kwa sababu haki ni haki. Wakangoja nusu saa. Kutoka pale ungeweza kuuona mlango wa nyumba anamokaa Osewe, mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu. Mwanamke alitoka akamwaga maji, akarudi ndani. Hakutoka mtu mwingine.

"Twende," Ngina akasema, akalifunga daftari lake.

Awiti alipanda mwisho. Zamani Muia alikuwa akimpa mkono kila mtu anayepanda, lakini siku hiyo alikuwa amegeuka, anafunga ngazi kwa kamba. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya mkutano. Awiti alijivuta mwenyewe, akapata nafasi juu ya gunia la misumari, karibu naye kwa sababu hapakuwa na kwingine. Lori likaanza kuondoka.

Walikuwa wamefika Riruta ndipo Muia akasema, macho yake kwenye fundo la kamba.

"Mama Adhis. Ule mti ulikuwa wa nini?"

Swali lilelile, kwa sauti ileile ya juu ya paa. Awiti alihisi uso unamwaka.

"Ulikuwa wa kusema bwana yuko," akasema.

Muia akakaza fundo, akalijaribu, akaona limeshika.

"Si ungeniambia hivyo tu," akasema. "Ningeutoa vilevile."